Ganglia za msingi: kwa nini zikiharibika mmoja anaganda na mwingine hatulii?

MwanafunziUtabibu aliuliza:

Habari za kazi wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya utabibu, na kuna jambo katika fiziolojia ya neva ambalo nimelisoma, nikalikariri, nikalijibu hata kwenye mtihani, lakini nikiulizwa nilieleze kwa maneno yangu mwenyewe nakwama.

Tumefundishwa kwamba chini ya gamba la ubongo, ndani ya kila nusu ya ubongo, kuna mkusanyiko wa viini, yaani makundi ya seli za neva, ambavyo kwa pamoja huitwa ganglia za msingi, na kwamba kazi yake kubwa ni kusimamia mwendo. Mwalimu wetu alizifananisha na breki ya gari: ubongo ukitaka mkono usogee, breki huachiwa, na ukitaka utulie, breki hukazwa. Hadi hapo sina tatizo. Tatizo linaanza tukifika kwenye magonjwa. Mgonjwa wa Parkinson ana hitilafu katika ganglia hizi, naye ni mzito, amekakamaa, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, na hatua zake ni fupi za kuburuta. Mgonjwa wa Huntington ana hitilafu katika ganglia hizihizi, lakini mabega, vidole na uso wake havitulii isipokuwa akilala. Tena wodini tulionyeshwa mzee aliyepata kiharusi kidogo upande wa kulia wa ubongo, mkono wake wa kushoto ukawa unajirusha kwa nguvu kiasi cha kugonga vyuma vya kitanda, na tukaambiwa kwamba kilichoumia ni kiini kimoja tu, chenye urefu wa kama sentimita moja.

Naomba msaada katika mambo matatu. Inawezekanaje viungo vilevile vitoe matokeo yanayopingana namna hii? Kwa nini substansia nigra, ambayo iko mbali katika ubongo wa kati, inahesabiwa pamoja na viini vilivyo juu? Na kwa nini katika wagonjwa wote hawa hakuna hata mmoja aliyepooza?

Mkufunzi_Fiziolojia alijibu:

Ndugu mwanafunzi, ugumu wako hautokani na uvivu wa kusoma. Somo hili kwa kawaida hufundishwa majina kwanza na kazi baadaye, na mwanafunzi anabaki na orodha ya maneno ya Kilatini asiyojua ayaweke wapi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Amri ya mwendo hutoka kwenye gamba la mwendo, hushuka kupitia kapsuli ya ndani, yaani ukanda wa nyuzi ulio ndani ya ubongo, na shina la ubongo, huvuka kwenda upande wa pili, na kufika kwenye uti wa mgongo ambako huamsha seli zinazokunja msuli. Kiharusi kikikata nyuzi hizo ndani ya kapsuli, mgonjwa hupooza upande mzima, hata kama jeraha lenyewe halifiki sentimita mbili. Ganglia za msingi ziko kando ya barabara hiyo, si juu yake. Zenyewe hazipeleki amri kwenye uti wa mgongo. Hupokea habari kutoka karibu gamba lote la ubongo, huzichuja, kisha huzirudisha kwenye gamba kupitia talamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha habari kwenda kwenye gamba, pamoja na tawi linalokwenda kwenye shina la ubongo. Kwa hiyo zikiharibika, nguvu ya msuli inabaki. Kinachopotea ni uamuzi wa mwendo upi upite, kwa ukubwa gani, na upi uzuiwe. Mpime mgonjwa wa Parkinson kwa kumwambia akubane mkono, utashangaa nguvu aliyonayo. Kisha mwambie agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, na utaona mipigo ikipungua ukubwa mmoja baada ya mwingine hadi vidole vinakaribia kusimama.

Sasa mahali vilipo. Ukipata nafasi ya kuingia chumba cha anatomia, omba uonyeshwe ubongo uliokatwa wima kutoka upande wa sikio moja hadi jingine. Nje utaona ukanda wa kijivu wa gamba, ndani yake weupe wa nyuzi, na ndani zaidi, kando ya ventrikali (chumba cha majimaji ndani ya ubongo), vipande vya kijivu vilivyozungukwa na weupe. Kilichojibana kwenye ukuta wa ventrikali ni kaudati. Kilicho nje zaidi, kuelekea sikio, ni putameni. Katikati yake unapita ukanda mnene mweupe, ambao ndio kapsuli ya ndani niliyoitaja, na ukitazama kwa makini utaona vijistari vya kijivu vikiuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa kuwa kaudati na putameni ni kiini kimoja kilichogawanywa na nyuzi zilizokatiza katikati wakati ubongo ukikua. Pamoja huitwa striatamu, na huo ndio mlango wa kuingilia. Upande wa ndani wa putameni kuna palidasi, iliyopauka kwa sababu imejaa nyuzi zenye mielini, utando mweupe wa mafuta, nayo ina sehemu mbili, ya nje na ya ndani. Chini ya talamasi kuna kiini kidogo kilichoelezwa mwaka 1865 na daktari Mfaransa Jules Bernard Luys, na wengi bado hukiita kiini cha Luys. Hicho ndicho kilichoumia kwa mzee wenu.

Chini zaidi, katika ubongo wa kati, iko substansia nigra. Huhitaji hadubini kuiona: ni ukanda mweusi, weusi wake ukitokana na niuromelanini inayojikusanya ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, moja ya kemikali ambazo seli za neva huzitumia kuwasiliana. Kwa mtu aliyekufa na Parkinson ukanda huo umepauka, na vipande viwili, cha mzima na cha mgonjwa, vikiwekwa kando kwa kando, tofauti huonekana kwa macho matupu. Inahesabiwa pamoja na viini vya juu kwa sababu ya mawasiliano yake navyo, si kwa sababu ya ujirani. Sehemu yake yenye dopamini hupeleka nyuzi zake striatamu, na matawi yake ni mengi ajabu. Kwa panya, seli moja tu imepimwa ikiwa na matawi ambayo jumla ya urefu wake ni zaidi ya nusu mita. Sehemu yake nyingine, isiyo na weusi, hufanya kazi ileile ya palidasi ya ndani, hasa kwa mwendo wa macho na kichwa. Palidasi ya ndani pamoja na sehemu hiyo ya nigra ndizo mlango wa kutokea.

Hapo ndipo ningependa uanzie kila mara: mlango wa kutokea. Palidasi ya ndani haipumziki. Kwa nyani wa maabara waliorekodiwa wakiwa macho na wametulia, seli zake hupiga mara 60 hadi 80 kwa sekunde, na kila pigo linamwaga gaba, kemikali inayozuia, juu ya talamasi. Seli za striatamu ni kinyume chake: zaidi ya asilimia 90 ni za aina moja, zenye miiba, nazo hukaa kimya muda mwingi zikisubiri gamba liziamshe kwa glutamati, kemikali inayosisimua. Nazo zikiamka, hutoa gaba vilevile.

Fuata sasa njia ya moja kwa moja. Gamba linaamsha seli za striatamu. Seli hizo zinaizuia palidasi ya ndani. Palidasi inanyamaza kwa muda mfupi. Talamasi, ambayo ilikuwa imezuiwa, inakuwa huru na kuliamsha gamba. Kizuizi kimezuiwa, na mwendo umeruhusiwa. Njia ya pili ina mzunguko zaidi. Seli nyingine za striatamu huizuia palidasi ya nje. Kazi ya palidasi ya nje ni kukizuia kiini cha Luys, kwa hiyo yenyewe ikizuiwa, kiini cha Luys kinaachiwa. Hicho ndicho kiini pekee katika kundi hili ambacho kazi yake ni kusisimua. Kinaichochea palidasi ya ndani, nayo inaizuia talamasi zaidi. Mwendo umenyimwa ruhusa. Ipo pia njia ya mkato, kutoka gamba hadi kiini cha Luys bila kupitia striatamu, ambayo hufika mapema kuliko zote na inadhaniwa kutumika mtu anapotakiwa kusita ghafla.

Dopamini inaingia wapi? Seli za njia ya kwanza zina vipokezi vya D1, na dopamini huzichangamsha. Seli za njia ya pili zina vipokezi vya D2, na dopamini huzituliza. Kemikali ni moja na athari ni mbili, lakini zote zinaelekea upande mmoja, yaani kurahisisha mwendo.

Chukua wagonjwa wako sasa. Katika Parkinson, seli za nigra zimekufa, dopamini imepungua, njia ya kwanza imedhoofika na ya pili imepata nguvu. Palidasi ya ndani inapiga kupita kiasi, na mgonjwa anaganda. Katika Huntington, seli zenye D2 hutangulia kufa, kwa hiyo palidasi ya nje inabaki bila wa kuizuia, inakizima kiini cha Luys, palidasi ya ndani inapungukiwa, na miendo isiyoitwa inapita. Na mzee wenu amepoteza kiini cha Luys chenyewe, matokeo yakiwa yaleyale lakini ya ghafla na ya upande mmoja. Angalia pia kwamba mgonjwa wa Huntington ugonjwa ukikomaa, seli za njia ya kwanza nazo zikifa, huacha kuchezacheza, akakakamaa na kuwa mzito. Ni ugonjwa uleule, wenye chanzo kilekile cha jeni iliyotambuliwa mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 4. Kilichobadilika ni seli zipi zimebaki.

MwanafunziUtabibu aliandika:

Shikamoo Mwalimu, na asante sana. Nimechora mchoro kuanzia mlango wa kutokea kurudi nyuma na kwa mara ya kwanza alama za kuongeza na kupunguza zimekubaliana. Lakini mchoro wenyewe umeniletea swali jipya. Kama palidasi ya ndani ikipungukiwa na kazi mwendo unazidi, basi daktari akiichoma kwa makusudi, mgonjwa wa Parkinson angetakiwa aanze kujirusha kama yule mzee. Vitabu vinasema kwamba upasuaji huo ulifanyika kwa miaka mingi na wagonjwa walipata nafuu. Breki ikiondolewa kabisa, gari linasimamaje?

Dkt_Wodini alijibu:

Swali hilo liliwashughulisha wataalamu wa fani hii kwa miaka, na mwaka 1994 Marsden na Obeso waliliandikia makala nzima, kwa hiyo usione haya kukwama hapo.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 1952, huko New York, daktari wa upasuaji Irving Cooper alikuwa akimfanyia mgonjwa wa Parkinson upasuaji wa aina nyingine, mshipa mdogo wa damu ukapasuka, akalazimika kuufunga na kuahirisha kazi. Mgonjwa alipozinduka, mtetemeko na ukakamavu vilikuwa vimepungua sana, na nguvu zake zilikuwepo. Mshipa ule ndio unaolisha sehemu kubwa ya palidasi. Kuanzia hapo palidasi na talamasi zilichomwa kwa maelfu ya wagonjwa, hadi ilipokuja levodopa, dawa ambayo hugeuka dopamini ndani ya ubongo. Upasuaji wa palidasi uliporudi tena kwa nguvu katika miaka ya 1990, kilichopungua kuliko vyote ni kule kujinyonganyonga kunakoletwa na levodopa, yaani mwendo wa ziada, ambao kwa mujibu wa mchoro wako ungetakiwa kuongezeka. Na waliochomwa talamasi hawakuganda, ingawa mchoro unadai wagande.

Kwa maoni yangu, mfano wa breki unafaa kwa wiki ya kwanza ya somo na baada ya hapo unapotosha. Breki ina jambo moja tu la kubadilika, kukazwa au kulegezwa. Mlango wa kutokea una mambo mawili: kiasi cha mapigo, na mpangilio wake. Katika Parkinson, seli za kiini cha Luys na za palidasi huacha kupiga kila moja kivyake na kuanza kupiga kwa pamoja, kwa mawimbi ya kati ya 13 na 30 kwa sekunde, na mawimbi hayo hupungua mgonjwa akimeza levodopa. Gamba linalopokea mpangilio mbovu wa namna hiyo linavurugika zaidi kuliko lisipopokea kitu. Ukiichoma palidasi unaondoa vurugu, na sehemu nyingine za ubongo zinaendelea na kazi, kwa upungufu mdogo ambao vipimo vya kawaida vya kliniki havioni kwa urahisi. Yule mzee wenu naye amebakiwa na palidasi inayopiga, lakini imeondolewa ghafla msukumo uliokuwa ukiipanga.

Mwaka 1990 Bergman, Wichmann na DeLong walionyesha kwamba nyani aliyepewa sumu ya MPTP hadi akaganda, akiharibiwa kiini cha Luys, huanza tena kutembea. Sumu hiyo yenyewe ina historia ya kusikitisha: mwaka 1982, California, vijana waliojidunga heroini ya kutengenezwa kienyeji iliyochanganyika na MPTP waliletwa hospitalini wakiwa wameganda kama wazee wa Parkinson wa miaka mingi, kwa kuwa ubongo huigeuza sumu hiyo kuwa kemikali inayovutwa na seli za dopamini na kuzinyima nishati. Alim-Louis Benabid wa Grenoble, ambaye tangu mwaka 1987 alikuwa akitumia umeme kwenye talamasi kutuliza mtetemeko, alihamia kiini cha Luys mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waya mwembamba huachwa ndani ya kiini na kupiga umeme kama mara 130 kwa sekunde. Hakuna kinachochomwa, na kifaa kikizimwa dalili hurudi, baadhi yake ndani ya dakika chache. Mtetemeko huwa wa kwanza.

Kuna jambo jingine mchoro haukuonyeshi. Mwaka 2013 Cui na wenzake walipima seli za njia zote mbili kwa panya wanaotembea huru, wakakuta kwamba panya anapoanza kwenda, zote mbili huamka kwa pamoja. Kama moja ingekuwa ya kuruhusu na nyingine ya kukataza tu, hilo lisingekuwa na maana. Maelezo ninayoyaona ya karibu zaidi na kliniki ni yale ya kuchagua: unaponyanyua kikombe, njia ya kwanza inaufungulia mwendo mmoja huo, na wakati uleule ya pili inaifunga ile mingine inayoshindana nao, ya bega kupanda, ya vidole kufunguka, ya shingo kugeuka.

Ukiwa kliniki, mtazame mgonjwa wa Parkinson anapofika mlangoni. Anatembea ukumbini kwa hatua zake fupi, anakaribia kizingiti, na miguu inagandia sakafuni huku mwili ukiendelea kwenda mbele. Ukimsukuma ataanguka. Weka mguu wako mbele ya wake umwambie auruke, au mchoree mistari ya chaki sakafuni, naye atavuka vizuri kana kwamba hana ugonjwa. Misuli ipo, amri ipo. Kinachokosekana ni ile njia ya ndani inayoendesha mwendo uliozoeleka bila kuufikiria; alama ya nje ikimpa sababu ya kila hatua, anatumia njia nyingine za gamba.

La mwisho ni la kazini kwenu moja kwa moja. Metoklopramidi inayodungwa kwa kutapika huziba vipokezi vya D2. Kwa kijana, hasa wa kike, saa chache baadaye shingo inaweza kupinda, macho kupanda juu, taya kukaza, na ndugu wakaanza kuzungumzia mapepo huku mhudumu naye akifikiria pepopunda. Uliza kwanza amedungwa nini. Sindano ya promethazini au ya dawa nyingine inayopunguza asetilikolini, kemikali inayoshindana na dopamini ndani ya striatamu, huifungua shingo hiyo mara nyingi ndani ya nusu saa. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ina tabia hiyohiyo.

Fizio_Pwani alijibu:

Naomba kuongezea kutoka upande wa fiziotherapia, kwa sababu mjadala umekwenda kwa wazee, ilhali wagonjwa wengi wa ganglia za msingi ninaowahudumia ni watoto.

Mtoto mchanga akipata manjano makali yasiyotibiwa mapema, bilirubini, yaani rangi ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, huvuka na kuingia kwenye ubongo, na haiharibu kila mahali kwa usawa. Hupenda palidasi na kiini cha Luys, pamoja na viini vya njia ya usikivu katika shina la ubongo. Miaka miwili au mitatu baadaye mama anamleta mtoto ambaye faili lake limeandikwa tu kwamba ana mtindio wa ubongo. Akilala, mwili wake ni mlaini, viungo vyote vimelegea. Akiamka na kutaka kuchukua mpira, mkono unakwenda nyuma badala ya mbele, kiganja kinapinduka nje, mdomo unafunguka, mguu wa upande wa pili unanyooka. Kadiri anavyoutamani mpira ndivyo mwili unavyozidi kujipinda. Hajapooza, na mara nyingi anaelewa kila unachosema, ingawa kusikia kwake kunaweza kuwa kumeathirika, jambo ambalo familia hudhani ni upungufu wa akili.

Maelezo ya Daktari juu ya kuchagua ndiyo yaliyonisaidia mimi kuwaelewa watoto hawa. Msuli wa kukunja kiwiko na msuli wa kukinyoosha vinakaza kwa wakati mmoja, na miendo inayotakiwa ifungwe inapita pamoja na ule mmoja unaotakiwa. Hii ndiyo sababu zoezi la kunyoosha msuli kwa nguvu, linalomsaidia mtoto aliyeumia gamba, huwa na faida ndogo hapa. Tunaanza na mkao: nyonga na magoti yakunjwe, kiwiliwili kishikwe imara, kichwa kiwe katikati. Mkao ukitulia, mkono unapata nafasi.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wake. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD umeenea katika maeneo yaliyokuwa na malaria kwa karne nyingi, na watoto wenye upungufu huo huvunja chembe nyekundu za damu kwa urahisi. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa sandukuni pamoja na vidonge vya nafthalini zinatosha kuanzisha hali hiyo. Na kumwanika mtoto kwenye jua la asubuhi hakuwezi kuchukua nafasi ya taa za bluu za hospitali wakati bilirubini imeshapanda.

BintiMzee aliandika:

Samahani kwa kuingilia mjadala wa wataalamu. Baba yangu ana Parkinson na anatumia vidonge vya levodopa na kabidopa. Shamba jirani kuna upupu mwingi, na jamaa mmoja anasema mbegu zake zina dawa ileile na ni bure. Je, kuna ukweli? Na kwa nini asipewe dopamini yenyewe badala ya levodopa?

Dkt_Wodini alijibu:

Dada, pole kwa kumuuguza mzee. Ukweli upo. Mbegu za upupu zina levodopa halisi, na wanakemia wa India waliitenga kutoka kwenye mbegu hizo mwaka 1937, kabla haijajulikana kwamba ina kazi yoyote katika Parkinson. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa 18 nchini Bolivia, ambapo unga wa mbegu zilizokaangwa uliwafungua wagonjwa kama vidonge vinavyofanya. Ugumu uko kwenye kipimo. Mbegu hutofautiana kwa nguvu, na unga hauna kabidopa, ambayo kazi yake ni kuizuia levodopa isigeuke dopamini mwilini kabla ya kufika kwenye ubongo na kumletea mgonjwa kichefuchefu na kushuka kwa shinikizo la damu. Mzee akichanganya unga na vidonge, hakuna atakayejua amemeza kiasi gani. Kwa anayekosa vidonge kabisa hoja ni tofauti, na wapo wengi: watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, sehemu kubwa ya wagonjwa wa Parkinson waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini.

Dopamini yenyewe ikidungwa kwenye mshipa haivuki ukuta kati ya damu na ubongo. Levodopa huvuka, kisha seli za nigra zilizobaki huigeuza kuwa dopamini, huihifadhi katika ncha zake ndani ya striatamu, na kuitoa kidogokidogo. Kwa sababu hiyo miaka ya mwanzo kidonge kimoja hushika saa nyingi. Seli zikiendelea kufa, ghala hilo hupotea, na striatamu hupata dopamini kwa kupanda na kushuka kulingana na saa ya kumeza: mzee anafunguka, anajinyonganyonga kwa muda, kisha anaganda tena kabla ya dozi inayofuata. Mkiona hivyo, andikeni saa za dawa na saa za dalili mpeleke kliniki, wagawanye dozi upya. Msiisimamishe dawa ghafla nyumbani, kwa sababu kukatizwa kwa levodopa kwa mara moja kunaweza kuleta homa kali na ukakamavu unaohatarisha maisha.